Potasiamu Kumi na Nne

Niliambiwa nimekufa saa nne na robo asubuhi, na aliyeniambia alikuwa anatafuna karanga. Sikatai kwamba watu hufa. Ninachokataa ni kupewa habari hiyo nikiwa kwenye foleni, daftari kwapani, njaa inaniuma, na karani hata asiache kutafuna. Alinisukumia karatasi kwenye kitundu cha dirisha lake, akasema, "Poleni," kwa wingi, kana kwamba tumekuja wawili, marehemu na mfiwa. Halafu akaita, "Anayefuata!"

Lakini nimerukia mbele. Katika Chuo hiki kila kitu hurukia mbele au hurudi nyuma, na mtu akikueleza jambo kwa mpangilio ujue ameshakariri.

Mimi naitwa Nyamizi. Nimesoma mwaka wa pili wa udaktari mara tatu, au mara thelathini, sina hakika, kwa sababu mwaka wa pili hapa umeumbwa kwa mfano wa ule mzunguko wa asidi ya sitriki tunaokaririshwa kila muhula. Unaanza na asidi iitwayo oksaloasetiki. Inaunganishwa, inageuzwa, inakatwa, inatoa hewa chafu na nguvu kidogo, na mwisho wa safari unaikuta oksaloasetiki imesimama palepale ilipoanzia, inasubiri kuzungushwa tena. Nguvu imekwenda kwa wengine. Lwitiko, mwenzangu wa meza ya maabara tangu siku ya kwanza, nimemwona muhula mmoja akiwa na ndevu za mvi, na muhula uliofuata kidevu chake hakina hata unywele. Hakuna aliyeshangaa. Tunachoshangaa hapa ni mtu kufaulu.

Jengo lina sakafu tatu na ngazi moja. Chini ni ukumbi wa mihadhara. Katikati ni maabara. Juu ni wodi, wanakolala watu. Siku ya kwanza tulipoulizwa kwa nini tunataka udaktari, hakuna aliyetaja asidi. Kila mmoja alitaja mtu. Mimi nilimtaja shangazi yangu aliyevimba miguu tukamkanda kwa maji ya chumvi mpaka akafa. Lwitiko alimtaja pacha wake. Yule aliyetuuliza akaandika majina ya watu wetu wote kwenye kitabu, akakifunga, akasema, "Vizuri. Sasa wasahauni kidogo." Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Kutoka chini tunasikia kukohoa kwao kupitia dari, tunakaririshwa kwa nini wanakohoa, na haturuhusiwi kupanda kuwauliza wanaendeleaje.

Na aliye juu ya wote hakai juu. Profesa hukaa katikati ya jengo, ndani ya chumba ndani ya chumba, tunakiita Kiini. Hatoki. Huko ndiko kilipo kile kitabu asilia cha somo, kinachosemekana kina herufi nne tu zinazojirudia, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kukishika. Kinachotoka ni nakala. Nakala inanakiliwa na mwalimu msaidizi, ya msaidizi inanakiliwa na mwanafunzi, ya mwanafunzi inakuwa desa, na desa linarithiwa kama shamba. Desa letu la Baiolojia ya Molekuli lina ukurasa wa kumi na sita ambao miaka mingi iliyopita ulimwagikiwa chai, na palipokuwa na chai mtu fulani akakisia neno. Alikisia vibaya. Nililigundua kosa hilo nikalisahihisha kwenye mtihani, nikapata sifuri. Lwitiko aliandika lile neno la kwenye chai, akapata alama zote.

Nililia kwa hasira siku ile, sioni aibu kusema. Maana ukurasa huohuo wa kumi na sita, chini ya doa, unaeleza kwamba seli inaponakili vinasaba vyake haiamini mkono wake mwenyewe. Ina kimeng'enya kinachorudi nyuma, kinasoma tena, kikikuta herufi mbaya kinaikata na kuweka nzuri. Tone la ute lisiloonekana kwa macho linajua kwamba linaweza kukosea. Chuo hakijui. Ndipo likaniingia swali ambalo limeninyima raha tangu hapo: ikiwa kila kilicho hai kinajisahihisha, hiki kisichojisahihisha tukiiteje? Nilimuuliza mwalimu msaidizi. Akaniuliza kama hilo swali lipo kwenye mtaala.

Desturi kubwa ya Chuo inaitwa Mchomo Mmoja. Mkono wa daktari haukosei, kwa hiyo mtu akichomwa sindano ya kutoa damu hachomwi mara ya pili. Iwe damu imetoka ya kutosha au haikutoka, mchomo ni mmoja, na anayerudia anadisko siku hiyohiyo: jina lake linafutwa, koti linavuliwa, anatolewa kwa mlango wa jikoni. Sheria nzuri ukiisikiliza ukiwa umekaa. Mishipa ya watu, hata hivyo, haijaisoma. Kwa hiyo wanafunzi tukajifunza ujanja, nao haumo kwenye desa lolote. Damu ya kipimo cha chumvi za mwilini huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha manjano. Damu ya kuhesabia chembechembe huwekwa kwenye chupa ya zambarau, yenye dawa ndani ya kuzuia isigande. Ukiona ya manjano haikujaa, unamimina kidogo kutoka ya zambarau. Damu ni ya mtu yuleyule, tunajiambia, ina ubaya gani? Kila mtu anafanya. Hakuna aliyewahi kufikiria, mimi nikiwamo.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mtihani wa vitendo, wa mwisho kwangu na kwa Lwitiko. Sapu mbili, mitihani ya marudio, tulishazila. Ya tatu si sapu, ni kudisko. Saa nane mchana kulikuwa na karatasi ya nadharia, na anayefaulu vyote viwili angepanda ngazi na kubaki juu. Kila jozi ilitakiwa kuchomana wenyewe kwa wenyewe, kisha kupanda wodini kwa dakika tano tu, kumchoma mgonjwa mmoja, na kushusha chupa maabara. Sisi tulipewa kitanda namba tisa. Alikuwa mama wa makamo, Mama Tabu, ametapika na kuharisha siku tatu mfululizo. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama.

"Msinichome sana," alisema. "Sina kitu humo ndani. Vyote vimetoka."

Mshipa wake ulitoa damu kwa uchungu, ikajaza ya zambarau, ikafika nusu ya ile ya manjano, ikakata. Hata mimi, nusu saa kabla, mshipa wangu ulikuwa umekata vilevile mikononi mwa Lwitiko.

"Imegoma," Lwitiko alininong'oneza. Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Nyamizi, imegoma tena. Tufanyeje?"

"Si kama tulivyofanya kwangu?" nikamwambia. "Ongezea. Wasimamizi wanaangalia kule."

Akamimina. Ni mkono wake, lakini neno lilikuwa langu. Naliandika hapa ili lisipotee.

Basi ndiyo ile karatasi aliyonipa karani. Potasiamu: kumi na nne. Kalsiamu: sifuri nukta tatu. Chini yake mashine ilikuwa imepiga mstari na kuandika: hali hii hailingani na uhai. Na karani, mtu mwepesi wa kazi, alikwishanifuta.

"Kaka, mimi ndiye huyu," nilimwambia. "Tazama. Nasema na wewe."

"Naona," alisema. "Lakini daftarini haupo. Asiyekuwepo na lake halipo, dada yangu. Nisogezee foleni."

Habari za msiba Chuoni hazihitaji miguu. Nilipofika chini wenzangu walikuwa wameshanikalia matanga ukumbini, wamevua viatu, na kiti changu amekaa msichana wa mwaka wa kwanza mwenye sura inayofanana na yangu, ananakili desa langu. Walinipokea kwa upole. "Pole, Nyamizi," waliniambia mmoja mmoja, wakinipa mkono, "pole kwa kufiwa na Nyamizi." Mmoja aliniuliza kama marehemu aliugua muda mrefu. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikasikia mdomo wangu unajibu, "Hapana, ilikuwa ghafla," na nikajichukia kwa namna nilivyozoea kujibu kila ninaloulizwa.

Nilikwenda nyuma ya ngazi, nikajishika shingo.

Inapiga. Moja. Mbili. Potasiamu kumi na nne moyo haupigi. Moyo unasimama hata kabla ya kumi. Huu unapiga. Kwa hiyo karatasi si kweli. Au moyo si kweli. Umefundishwa miaka mitatu, miaka thelathini, uchague karatasi. Chagua. Inapiga. Nimekasirika, je, wafu hukasirika? Kalsiamu sifuri nukta tatu, misuli ingenikakamaa, vidole vingejikunja. Vidole vyangu hivi hapa, vinafunguka, vinafumba. Ni nini kinachoinua potasiamu na kumeza kalsiamu kwa mpigo mmoja? Si figo. Figo haina haraka hivyo. Ni nini? Nani aliingia kwenye damu yangu akaweka hiki na kuchukua kile?

Dawa. Dawa ya ile chupa ya zambarau. Damu haigandi bila kalsiamu. Dawa ile inaikamata kalsiamu yote ili damu isigande. Na yenyewe imetengenezwa kwa chumvi ya potasiamu. Tulimimina dawa, si damu tu. Nilikuwa nimeyakariri haya maneno mara tatu na kuyaandika mitihani mitatu, na ndiyo kwanza nayaelewa, nikiwa nimechuchumaa chini ya ngazi kama mwizi wa kuku. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli. Kisha nikamkumbuka Mama Tabu.

Yake nayo tulimimina. Kidogo kuliko yangu, ndiyo maana karatasi haikumuua papo hapo; lazima imesema anaelekea kufa. Na mtu anayeelekea, wodi humshughulikia: anachomwa insulini ya kusukuma potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya seli. Lakini mtu aliyeharisha siku tatu hana potasiamu ya kusukumwa. Alituambia mwenyewe, vyote vimetoka. Kidogo kilichobaki kingeondolewa, na moyo ungesimama, na karatasi ingeandikwa kwamba tulijitahidi.

Nilipanda mbio hadi Kiini. Mlango wa kwanza, mlango wa pili. Profesa alikuwa amekaa amenipa mgongo, mbele ya kitabu kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Profesa."

Hakuitikia. Nimelelewa kwamba shikamoo isiyoitikiwa ni kofi, nikaona uso unanichoma.

"Profesa, kitanda namba tisa. Kipimo chake si sahihi. Changu pia. Tulichanganya chupa, mimi ndiye niliyesema ichanganywe. Nifukuzeni, sawa, lakini zuieni ile sindano."

"Nasikia upepo," alisema kwa sauti ya kuchoka, "unaoungama kosa. Upepo hauna namba ya usajili. Marehemu haungami, binti, kwa sababu ungamo linahitaji sahihi, na sahihi inahitaji jina."

"Basi nipimwe upya! Mkono huu hapa."

"Mchomo ni mmoja." Akageuza ukurasa chini ya kitambaa bila kuutazama. "Karatasi haina sababu ya kudanganya. Wewe unazo sababu nyingi, mtihani ni saa nane."

Nilitamani kumvua koti lake. Nasema kweli, nilitamani kukichana kitabu chake nikitafune. Nikatoka, nikamkuta Lwitiko mlangoni mwa maabara, amekumbatia daftari.

"Wewe uko hai," nilimwambia. "Wewe watakusikia. Nenda useme tulimimina."

Alinielewa mara moja. Hakuwahi kuwa mjinga. Nilimwona akielewa, na nikamwona akizeeka, mvi zikimtoka kidevuni pale pale niliposimama.

"Nitadisko, Nyamizi."

"Na yule mama atakufa."

"Huna hakika. Labda potasiamu yake kweli iko juu. Huna hakika, dada yangu." Alikuwa ananisihi. "Mimi kwa wazazi wangu ndiye mtoto pekee niliyebaki. Waliuza ng'ombe wote kwa ajili ya pacha wangu hospitali, na hakupona. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Nisubiri nipite. Nikipita, nitakuwa daktari, nitaokoa mia. Huyu ni mmoja."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haikuwa na hoja. Nikampisha aende zake, nikaingia.

Maabara alikuwamo Bi. Zuwena, mtaalamu wa mashine, mwanamke mnene aliyefunga khanga juu ya koti, na ambaye hajawahi kufanya mtihani wa Chuo kwa hiyo hajawahi kuufeli. Nilimwambia yote kwa mara moja, bila kuvuta pumzi. Alinitazama juu ya miwani.

"Hamjambo mnavyochezea damu za watu!" alisema. "Nimeziona hizo mbili, kalsiamu zimezama kama mawe. Nikaandika pembeni, rudia kipimo. Karani wenu akaikata hiyo sehemu. Sasa sikiliza, mwanangu. Kitendanishi, ile dawa ya mashine, kimebaki cha kipimo kimoja. Kingine kitakuja Mungu akipenda, na unajua hapa Mungu hupitia stoo." Akaweka mezani chupa moja mpya ya manjano. "Mmoja. Nikikupima wewe, karatasi itasema uko hai, na karatasi yangu hawawezi kuikataa. Utakwenda kwenye mtihani wako. Nikimpima yule, basi wewe ni hivyohivyo ulivyo."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu, na nyingine chini yake ilisema saa tatu, na sikuamini yoyote. Nilikwisha kukunja mkono wa koti kabla hajamaliza kusema. Naliandika na hili lisipotee: nilikunja wa kwangu. Nilifunga mpira juu ya kiwiko changu nikauona mshipa umetuna, mzuri, umejaa, tayari. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilimfikiria mama yangu akipokea taarifa ya kifo changu kutoka kwa mtu anayetafuna karanga. Kisha nikaufungua mpira, nikauweka mfukoni, nikachukua chupa na sindano, nikapanda.

Sista wa wodi alikuwa ameshavuta insulini kwenye bomba. Hakuniona, au hakutaka kuniona. Waliokufa hawapewi amri wala hawaagizwi kutoka. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwa kufa. Nikapiga magoti upande wa pili wa kitanda.

"Mama Tabu, nakuchoma tena. Hairuhusiwi."

"Tena?" Macho yake yalikuwa mbali. "Si mlisema moja?"

"Nilikosea ile ya kwanza."

Akanipa mkono. Niliutafuta mshipa kwa kidole, si kwa macho, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni, na damu ikaja, nyeusi na nzito, ikajaza chupa ya manjano peke yake. Nilishuka nayo mbio. Bi. Zuwena akaiweka kwenye mashine. Nilimwomba Mungu, nilimwomba pia yule Nyamizi aliyefutwa. Mashine ikatoa karatasi: potasiamu, mbili nukta moja, chini mno.

Bi. Zuwena hakupita kwa karani. Alipandisha karatasi mwenyewe, akihema, akamwekea sista chini ya pua. "Soma! Ungemchoma hiyo ungemzika." Sista akasoma, akaimwaga insulini kwenye sinki. Ikatundikwa dripu yenye potasiamu, ya kwenda polepole.

Ndipo akaja karani, karanga mkononi, na notisi kutoka Kiini. Ilisema Chuo kimefurahishwa na umakini ulioonyeshwa katika kitanda namba tisa, kwamba mchomo wa pili umehesabiwa kuwa ndio ule mmoja, na kwamba aliyerudia kipimo asaini hapa, apewe alama zote na kubaki juu.

"Ni Nyamizi," alisema Bi. Zuwena.

"Huyo alifariki saa nne na robo," alisema karani. "Nataka aliye hai."

"Ndiye huyu aliyenichoma," Mama Tabu alisema kutoka kitandani. "Ana mkono mzito, lakini ndiye."

"Mama, mgonjwa haandikwi shahidi."

Lwitiko alikuwa amesimama mlangoni; alikuwa amepanda kusikia iwapo yule mama amekufa. Aliniangalia. Nilimwangalia. Ningeweza kupiga kelele, na kelele zangu zingeitwa upepo. Akashika kalamu. Midomo yake ilisema kitu kwangu bila sauti, sijui kama ilikuwa samahani au mia. Akasaini. Karani akamvisha beji, akamwonyesha chumba cha madaktari, na kengele ya saa nane ikalia huko chini kwa ajili ya watu wenye majina.

Nilibaki nimesimama kando ya kitanda namba tisa. Nilikuwa na hasira kiasi cha kusikia masikio yanavuma. Dripu ilikuwa inadondoka tone moja, kisha inafikiri, kisha tone jingine.

"Mbona umenuna?" Mama Tabu aliuliza. "Si wamesema nitapona?"

"Utapona."

"Na wewe, wamekufanya nini?"

Niliona hakuna mahali pengine pa kulipeleka ungamo langu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo pia haliruhusiwi. "Mama, ile damu ya kwanza niliiharibu mimi. Mwenzangu alimimina, lakini mimi ndiye niliyemwambia. Karibu wakuue kwa sababu yangu."

Matone manne yalipita, au mihula minne. Nilisubiri anitukane, nadhani nilitaka anitukane, kwa kuwa mtu asiyekuwepo hatukanwi.

"Ungekaa kimya," alisema mwishowe, "ningejuaje?"

"Usingejua."

"Mbwa wewe," alisema, kwa uchovu, na machozi yakamtoka, na yangu yakatoka. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakikamata kwa nguvu ambayo sikujua amebaki nayo.

"Kaa hapohapo. Hutoki hapa mpaka chupa hii iishe."